Orodhesha Kwanza, Chambua Baadaye: Ushauri kwa Waliorithi Karatasi za Msomi

Isaac Newton alipofariki Machi 1727 hakuacha wosia. Aliacha makaratasi: maelfu ya kurasa za hesabu, rasimu za barua, maelezo ya majaribio ya metali, kumbukumbu za ofisi ya sarafu aliyokuwa mkuu wake, na maandishi marefu juu ya unabii wa Biblia. Jamaa zake walitaka kujua kipi kingeweza kuchapishwa, wakampa kazi ya kuyapitia daktari mmoja aitwaye Thomas Pellet. Yeye akaandika juu ya mafungu mengi kwamba hayafai kupelekwa kwa mchapaji. Karibu karne moja na nusu baadaye, mwaka 1872, ukoo wa Portsmouth, ambao ulizipata karatasi hizo kupitia kizazi cha mpwa wake Newton, ulizipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge zipangwe. Kazi ilichukua miaka 16, na katalogi ikachapwa mwaka 1888. Zilizohesabiwa kuwa za sayansi zilibaki chuoni. Nyingi za alkemia, za dini na za mambo binafsi zilirudishwa kwa wenyewe, na Julai 1936 zikapigwa mnada London katika jumba la Sotheby's, zikiwa zimegawanywa mafungu 329, kwa jumla ya pauni 9,000 na ushei. Mfuatano wa karatasi uliokuwa umedumu miaka mia mbili ukavunjika kwa siku mbili.

Nimeanza na Newton kwa sababu kosa hilo halikufanywa na wajinga. Lilifanywa na maprofesa waliompenda na waliojua hesabu zake kuliko watu wengi wa zama zao. Walikosea kitu kimoja tu: waliamua thamani ya karatasi mapema mno, kwa kipimo cha wakati wao. Hoja ninayotaka kuitetea hapa, kwa ajili ya mtoto wa profesa aliyeachiwa makabati ya baba yake, mjukuu wa sheikh aliyekuta sanduku la barua chini ya kitanda, au mkutubi wa chuo aliyeletewa maboksi 30 kwa pikapu, ni kwamba karatasi za msomi ziorodheshwe zote, katika mpangilio zilimokutwa, kabla mtu yeyote hajasema ipi ni muhimu na ipi ni takataka. Barua peke yake ina habari kidogo. Habari nyingine imo katika jirani zake: ilikaa katika faili gani, ilifuatwa na nini, ilibanwa pamoja na nini, nani mwingine alikuwa akiandika wiki ileile.

Newton mwenyewe anatoa ushahidi. Alikuwa na desturi ya kutumia tena karatasi, hivyo upande mmoja unaweza kuwa na rasimu ya jambo la ofisi ya sarafu na upande wa pili maelezo ya dini. Jambo la ofisi mara nyingi linaweza kupewa tarehe, na tarehe hiyo ikasaidia kujua maandishi ya upande wa pili yaliandikwa lini. Ukizigawa karatasi kwa mada unakata uzi huo. Baada ya mnada, mchumi John Maynard Keynes alianza kuzinunua tena moja moja kwa wafanyabiashara, hasa za alkemia, na baada ya kifo chake mwaka 1946 zikawa mali ya King's College, Cambridge. Za dini nyingi zilichukuliwa na Abraham Yahuda, msomi wa lugha za Kisemiti aliyezaliwa Jerusalem, na zikafika maktaba ya taifa katika mji huo mwaka 1969. Keynes aliandika mhadhara, uliosomwa na ndugu yake Geoffrey miezi michache baada ya yeye kufariki, akieleza kwamba Newton wa karatasi hizi si yule baridi wa vitabu vya shule. Watu walihitaji zaidi ya miaka 200 kufika hapo, na sababu kubwa ni kwamba nusu ya mtu huyu ilikuwa imewekwa kando kama isiyofaa. Hata hivyo wale wa Cambridge wanastahili shukrani kwa jambo moja. Katalogi yao iliorodhesha pia mafungu waliyoyarudisha, ingawa kwa maneno machache. Karatasi zilipotawanyika, orodha ilibaki ikieleza kwamba zamani zilikuwa kitu kimoja.

Watunza nyaraka wana kanuni mbili zilizozaliwa kutokana na uchungu wa namna hii. Ya kwanza ni kuheshimu asili: karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja zisichanganywe na za mwingine hata zikizungumzia jambo lilelile. Ufaransa iliiandika katika maagizo ya serikali mwaka 1841. Ya pili ni kuheshimu mpangilio wa mwenyewe, ambayo Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, waliieleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1898. Mtu asiye na mafunzo huziona kanuni hizi kama ukaidi wa ofisini. Anaona faili la "Mengineyo" lenye risiti ya duka la vitabu, barua ya mwanafunzi na kipande cha gazeti, na mkono unamwasha kupanga. Lakini huenda risiti ile ndiyo inayoonyesha kwamba kitabu alichokipinga mwanafunzi kilinunuliwa baada ya barua yake kufika. Charles Darwin alikuwa akizikatakata barua alizopokea na kutia vipande kwenye mafaili ya mada zake. Kwa jicho la nadhifu huo ni uharibifu. Kwa anayetaka kujua Darwin alifikirije, kila kipande kinaonyesha alikitumia wapi.

Kisa cha Francis Crick kinafundisha zaidi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba barua zake za miaka ya 1950 na 1960, miaka ya ugunduzi wa umbo la DNA na yaliyofuata, zilitupwa kwa bahati mbaya. Mwaka 2010 Alexander Gann na Jan Witkowski walitangaza katika jarida la Nature kwamba sehemu yake kubwa imepatikana. Zilikuwa ndani ya maboksi ya Sydney Brenner, aliyetumia ofisi moja na Crick kule Cambridge kwa karibu miaka 20, na ambaye karatasi zake zilipelekwa Cold Spring Harbor huko Marekani. Ndani yake mlikuwamo mawasiliano na Maurice Wilkins wa London yanayoonyesha waziwazi mivutano baina ya wale waliokuwa wakilitafuta umbo la DNA kule London na wenzao wa Cambridge. Fikiria mtu mwenye bidii angepewa maboksi ya Brenner, akakuta barua zisizo za Brenner, akaziondoa ili mkusanyo uwe safi. Kwa hiyo ukikuta barua ya mtu mwingine kwa mtu mwingine katika kabati la marehemu, iache hapohapo, iandike kwenye orodha, na majina yote mawili yaingie kwenye faharasa. Faharasa ya majina ndiyo sehemu ya kazi hii inayolipa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu inachosha.

Barua ina tabia ambayo daftari halina: aliyeiandika hanayo. Karatasi za Gregor Mendel zilichomwa monasterini baada ya kifo chake mwaka 1884. Tunayoyajua juu ya mawazo yake baada ya majaribio ya njegere yanatokana kwa kiasi kikubwa na barua alizomwandikia mtaalamu wa mimea Carl Nägeli kati ya 1866 na 1873, zilizosalia upande wa Nägeli na kuchapishwa na Carl Correns mwaka 1905. Kwetu mfano uko karibu zaidi. Barua za Shaaban Robert za tangu 1931 hadi 1958 tunazisoma leo katika kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002 kwa sababu nduguye, Yusuf Ulenge, alizitunza. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili miswada ya tenzi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na anayetaka kufuata mkono wake leo lazima aende London na Ujerumani, kwenye karatasi za waliopokea. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini katika barua lake lipo kwa mwenziwe. Basi orodha yako ya karatasi za msomi iwe na ukurasa wa watu aliowaandikia ambao barua alizowapelekea haziko hapa: majina yao, miji yao, na miaka ya mawasiliano kama inavyoonekana kwenye majibu. Mtafiti wa kesho ataanzia hapo.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza usipange chochote. Piga picha kabati, rafu, droo na masanduku yalivyo, kabla ya kushika kitu, kisha yape namba kwa mfuatano ulioukuta. Kila kifurushi kinachotoka kitoke na namba ya mahali pake. Tumia penseli laini kuandika namba ndogo kwenye pembe ya bahasha au folda, kamwe si kalamu ya wino, na kamwe si juu ya maandishi. Pini na vibanio vyenye kutu viondolewe taratibu, lakini kwanza andika nini kilibanwa na nini, na karatasi hizo zikae pamoja ndani ya karatasi safi iliyokunjwa. Selotepu usiibandike mahali popote. Gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Pwani, adui ni unyevu na chumvi ya hewa. Bara, ni vumbi na panya. Na kote ni mchwa. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje. Karatasi zenye ukungu zitengwe na nyingine na zikaushwe kivulini penye upepo, si juani. Madaftari ya maabara yanataka tahadhari ya ziada, kwani huenda yalimwagikiwa kemikali. Yale ya Marie Curie kule Paris hadi leo yana mionzi.

Baada ya hapo andika kutoka juu kwenda chini. Anza na mkusanyo mzima katika aya mbili tatu: ni wa nani, aliishi lini, alifanya kazi gani, karatasi zilikuwa wapi na zilifikaje mikononi mwako, ni maboksi mangapi, ni za miaka gani, lugha zipi. Kisha makundi, kama mwenyewe alikuwa nayo: barua, mihadhara, rasimu, madaftari, picha. Kisha mafaili. Barua moja moja huja mwisho. Huu ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISAD(G), kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, na hakuna haja ya kununua programu ili kuufuata. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, au daftari la mistari lenye mkono unaosomeka.

Kwa kila barua andika namba, nani kwa nani, tarehe, mahali, kurasa ngapi, lugha na hati, kisha sentensi moja au mbili za kiini. Hapo kwenye nani na lini ndipo orodha nyingi za Afrika Mashariki huharibika. Barua nyingi za wazee wetu zimetiwa sahihi "nduguyo", "mwanao mpenzi", au jina la heshima tu, Abu Fulani au Mwalimu. Usikisie kimyakimya. Andika sahihi kama ilivyo, kisha katika mabano ya mraba jina unaloamini, na sababu ya kuamini: mwandiko, anwani, au jibu linalorejea barua hiyo. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwa majina manne, la utotoni, la ubatizo, la ukoo na la kazini. Chagua moja liwe kichwa cha faharasa, na hayo mengine yaelekeze kwake. Waulize wazee wakingali hai. Swali la dakika kumi kwa shangazi wa marehemu linaweza kufungua mafaili matatu. Tarehe nazo ziandikwe kama zilivyoandikwa, ya Hijria ibaki ya Hijria, na ya miladi uliyoikokotoa iwe pembeni ndani ya mabano. Siku ya Kiislamu huanza magharibi, na miezi huandama kwa kuonekana mwezi, kwa hiyo hesabu ya jedwali inaweza kukosea siku moja. Ukiibadilisha ukaificha ya asili, mtafiti hana pa kukusahihishia. Bahasha isitupwe: mhuri wa posta huitia tarehe barua isiyo na tarehe. Barua iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu itajwe hivyo, isiitwe "barua ya Kiarabu", kwa sababu asomaye orodha ataituma kwa mfasiri asiyemhitaji. J. W. T. Allen alipotoa mwaka 1970 katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa kwenye maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, aliwapa wasomi ramani ambayo mpaka sasa wanaitumia; bila ya kazi kama ile, miswada huwa ni karatasi kwenye rafu.

Wapo watakaosema kazi hii haiwezekani kwa watu tulionao na mishahara tuliyonayo, na hoja yao ni nzito. Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Mark Greene na Dennis Meissner, waliandika makala iliyotikisa taaluma hii, wakionyesha kwamba maktaba zinarundika mikusanyo isiyoguswa kwa miaka kwa sababu wahifadhi wanang'ang'ania kutoa kila pini. Wakashauri kueleza kwa jumla na kufungua haraka. Ninakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Risiti, vipande vya magazeti, nakala za mihadhara iliyokwisha chapwa, na mialiko ya mikutano vyote vinatosha kuelezwa kwa faili: mstari mmoja, miaka, idadi. Lakini barua zinadai zaidi, kwa sababu kila moja ina mtu wa pili. Mradi wa barua za Darwin ulioanzishwa mwaka 1974 ulikamilisha juzuu yake ya 30 mwaka 2023, ukiwa na barua zaidi ya 15,000. Kati ya matunda yake ya mwanzo ilikuwa orodha ya mwaka 1985 yenye muhtasari wa kila barua iliyojulikana wakati huo. Wasomi hawakungoja juzuu 30. Walianza kufanya kazi na mihtasari. Ukiwa na saa mbili kwa wiki, tengeneza kwanza maelezo ya jumla ya mkusanyo mzima, kazi ya mwezi mmoja, kisha barua kwa utulivu, ukianza na zile za mtu aliyeandikiana na marehemu kwa muda mrefu zaidi.

Pingamizi la pili ni la aibu, na familia hulitoa kwa sauti ya chini. Ndani ya karatasi mna mikopo, maradhi, talaka, mtoto asiyejulikana, ugomvi na mkuu wa idara aliye hai bado. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kufunga, si kuchoma. Barua inaweza kuorodheshwa kwa maneno yasiyofichua, kama "barua ya mambo ya familia, kurasa 3", ikafungwa ndani ya bahasha yenye tarehe ya kufunguliwa miaka 30 au 50 ijayo, kwa makubaliano ya maandishi kati ya familia na maktaba. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Habari za watu walio hai, hasa za afya, zisiwekwe kwenye orodha ya wazi. Ikumbukwe pia kwamba karatasi ya barua ni ya aliyepokea, lakini maneno yake ni ya aliyeandika na warithi wake. Kuorodhesha hakuhitaji ruhusa yao. Kuchapisha barua nzima kunahitaji. Tena, maisha ya nyumbani si makapi ya usomi. Mwaka ambao mtafiti hakuandika kitu una sababu yake, na mara nyingi iko katika barua ya hospitali.

La tatu ni la vijana: tuzipige skani zote tuziweke kwenye diski, yaishe. Skani ni jambo jema, na miswada ya Msikiti wa Riyadha huko Lamu imepigwa picha na sasa inasomwa mbali, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Picha hizo zinafaa kwa sababu kila moja imepewa namba na maelezo. Picha 4,000 zenye majina ya namba za kamera ni rundo lilelile la chini ya kitanda, ila sasa halina harufu ya karatasi ya kumkumbusha mtu kwamba lipo. Ukiwa na fedha ya kufanya kimoja tu mwaka huu, fanya orodha. Baruapepe nazo zifuate kanuni hiihii: sanduku lote linakiliwe pamoja na folda zake, wakati mwenyewe yu hai na anajua neno la siri, bila ya kuchagua zile "za kazi".

Kwa wanasayansi wetu jambo hili ni la haraka zaidi kuliko kwa washairi, kwa sababu mwanasayansi huonekana kuwa amemaliza yote kwenye makala. Erasto Mpemba aliliona jambo la maziwa moto ya aiskrimu kuganda kabla ya yaliyopoa akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba mwaka 1963. Makala aliyoiandika pamoja na Denis Osborne ilitoka 1969. Makala inatoa matokeo. Miaka sita ya katikati, maswali, kuchekwa darasani, majaribio yaliyorudiwa, huishi katika madaftari na barua za watu wa namna yake, na katika mikoa yetu wapo walimu wa fizikia, mabwana shamba na madaktari wa wilaya wengi waliojaza madaftari kama hayo na ambao majina yao hayamo katika jarida lolote. Usisubiri mtu awe maarufu ndipo uorodheshe.

Ukimaliza, ukurasa wa mwisho wa orodha uwe wako wewe mworodheshaji. Andika jina lako na tarehe, ulichokikuta, ulichokihamisha na kwa nini, ulichokitupa kama kipo, mafungu yaliyokuwa yameliwa na mchwa kiasi cha kutosomeka, na ni nani alikuja kuchukua faili gani na kuahidi kulirudisha. Nakala moja ibaki ndani ya boksi la kwanza, ya pili kwa familia, ya tatu katika maktaba ya mkoa au chuo kilicho karibu, hata kama karatasi zenyewe hazitaondoka nyumbani.